Chapati Nne Kabla ya Kufika kwa Mama Mkubwa

Kwanza nisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayokosea. Shule niliishia darasa la nane, na hata huko mwalimu alikuwa akisema herufi zangu zinatembea kama kuku waliofukuzwa. Naandika polepole. Karatasi hii ni ya tatu, mbili nilizitupa. Lakini nimesikia kwamba wewe na wenzako mmemaliza shule na mnaanza kusafiri kutafuta kazi, na kuna jambo moja ninalolijua vizuri ambalo sitaki mlijue kwa njia niliyolijua mimi.

Nakuita mwanangu ingawa sijafika umri wa kuitwa mzee. Baba yako ni kaka yangu, kwa hivyo kwetu wewe ni wangu, hakuna haja ya kupima ndevu.

Kazi yangu ya kupaka rangi imenizungusha. Nimekula kwa hoteli za Nakuru, za Kisumu, na za pale mabasi yanaposimama dakika ishirini na kila mtu anakimbilia chai. Siku hizi naingia hoteli yoyote bila woga. Nasalimu, nanawa mikono, natazama sahani za watu waliotangulia kabla ya kuuliza kuna nini. Lakini zamani haya ilikuwa inanikaba shingo. Nilikuwa nikiulizwa swali na mtu nisiyemjua, maneno yanarudi tumboni. Kumbuka hilo unaposoma, kwa sababu ndilo lililoleta taabu yote.

Basi, ilikuwa Jumamosi, nami nina miaka kumi na tisa. Nilikuwa nakaa na mama yangu, yaani nyanya yako, hapa Laini Saba, Kibera. Asubuhi hiyo mama alinituma Kawangware kwa dada yake mkubwa. Usione ni jambo dogo. Hao wawili hawakuwa wamesemezana kwa miaka mitatu, tangu mazishi ya mama yao huko nyumbani. Siku ile ya mazishi mama mkubwa ndiye aliyepika, na mama yangu hakugusa chakula. Alikaa kando akafunika uso. Watu wakaona. Wewe unajua kwetu mtu akikataa chakula cha mwenzake mbele ya watu inamaanisha nini. Inamaanisha unafikiri ameweka kitu kwenye sufuria. Mama mkubwa alilia kuliko alivyolia kwa ajili ya marehemu, akaondoka bila kuaga, na kutoka siku hiyo kila mmoja akakaa upande wake wa Nairobi.

Sasa mama alikuwa amechoka na kile kimya. Kumpigia simu aliogopa. Akaniambia nimwandikie mama mkubwa ujumbe kwamba ninakuja kumsalimu, na nimpelekee mkate. Jibu lilirudi neno moja: Karibu. Sikujua kwamba neno moja la mama mkubwa linaweza kubeba kuku mzima ndani yake.

Nilipokuwa natoka, mama alinishika shati akaniambia, "Na usiende huko na njaa. Asije akasema siwalishi."

Alimaanisha nisile kwa pupa. Lakini asubuhi hiyo nyumbani tulikunywa chai ya rangi tu, kwa hivyo mimi nilielewa hivi: nishibe kwanza.

Nilitembea kwa miguu hadi Ngong Road, nikavuka, nikashuka mpaka Kawangware. Njiani niliingia bekari kununua mkate. Msichana wa kuuza akaniuliza, "Wa kukatwa ama mzima?" Nikajibu, "Ndiyo."

"Ndiyo gani?"

Nyuma yangu watu wakaanza kucheka. Mzee mmoja akasema, "Mpe nusu umekatwa, nusu mzima, twende." Nikanyoosha kidole. Nikapewa mzima, na kwa haya nikanunua pia skonzi mbili ambazo sikuzihitaji, ili nionekane mtu wa maana. Nilizila nikitembea. Zilikuwa za moto, na badala ya kumaliza njaa ziliiamsha.

Karibu na kwa mama mkubwa kulikuwa na hoteli ya mabati iliyopakwa kijani, na nje chapati zinageuzwa kwenye kaango pana. Mwenyewe alikuwa mzee Mkikuyu wa pale pale, wateja wote wakimwita Guka, ndiyo kusema babu. Niliketi kona. Guka akaja na kitambaa begani.

"Nikuletee nini, kijana?"

Nikaonyesha sahani ya jirani yangu, chapati na madondo, yale maharagwe ya mchuzi mzito. Zikaja chapati mbili. Nikamaliza. Nikanyoosha kidole tena, ikaja ya tatu. Nikanyoosha tena. Mwanangu, mchuzi ule ulikuwa mtamu, sitakudanganya hata leo.

Nikalipa, nikainuka nimejaa hadi hapa shingoni, nikiwa na amani kabisa moyoni. Nilijiona mtoto mtiifu. Sikuwa na njaa, kama mama alivyosema.

Mama mkubwa alikuwa akikaa chumba kimoja ndani ya ploti, mlango wa mwisho. Yeye huuza nguo za mitumba, na Jumamosi ndiyo siku yake ya soko, lakini hakuenda. Alikuwa amefagia hadi nje. Alinishika mikono miwili akanitazama usoni muda mrefu, akasema, "Umekuwa na sura ya baba yetu." Akapokea mkate, akauweka juu ya kabati mahali ambapo kila anayeingia angeuona. Kisha akafunua sufuria.

Kuku. Kuku wa kienyeji, aliyechinjwa asubuhi hiyo kwa sababu yangu. Na ugali umesimama wima kama mlima. Akaniwekea paja, na firigisi akaiweka juu, ile ambayo kwetu hupewa mwanamume mwenye heshima katika boma. Hakuna aliyewahi kunipa firigisi.

"Kula, baba," akasema.

Nikakata ugali kidogo, nikaufinyanga, nikauweka mdomoni. Haukushuka. Nikanywa maji, yakasimama juu yake.

"Mbona huli?"

"Nimeshiba, mama mkubwa."

"Umeshiba nini? Si umetoka Kibera kwa miguu?"

"Nimeshiba tu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema nilikula wapi. Neno moja tu, hoteli. Lakini niliona haya, mtu mzima kujaza tumbo barabarani kama asiye na kwao, nikanyamaza. Mama mkubwa akaweka mwiko chini taratibu. Sauti yake ikabadilika.

"Mama yako amekuambia usile kwangu."

"Hapana."

"Alikuambia nini ulipotoka? Sema ukweli."

Mimi sijui kudanganya mkubwa wangu. Nikasema, "Aliniambia nisije na njaa."

Laiti ningeyameza maneno hayo pamoja na ule ugali! Alisimama, akauchukua mkate juu ya kabati, akauweka magotini pangu. "Basi nimesikia. Mrudishie mkate wake. Mwambie mimi si mchawi, na sasa asinitumie mtoto tena kuja kunipima."

Nikaona kwamba nikitoka na ule mkate, hao wawili hawataonana tena mpaka mmoja wao azikwe. Hapo haya ikaniachilia. Nikapiga kelele, kelele kweli, "Nimekula kwa hoteli! Chapati! Nilikula chapati, mama mkubwa!"

"Hoteli gani?"

"Ile ya kijani. Ya Guka."

Alinitazama. Akavaa patipati. "Twende."

Tulitoka amenishika mkono kama mwizi wa kuku. Jirani aliyekuwa akianika nguo akauliza, "Mama, mbona unaburuta mtoto wa watu?"

"Ni wangu. Namtafutia shahidi."

Hoteli ilikuwa imejaa. Mama mkubwa hakusalimu mtu. Akanisimamisha katikati ya meza za wateja na kuuliza, "Guka, huyu unamjua?"

"Huyu?" Guka akacheka mpaka kitambaa kikamwanguka begani. "Huyu nitamsahau vipi? Alikaa pale kona. Hakusema hata niaje. Kazi yake ilikuwa kunyoosha kidole. Akinyoosha, chapati inapotea. Akinyoosha, inapotea."

"Ngapi?"

"Nne. Na bakuli mbili za madondo."

Kijana mmoja wa boda boda akasema, "Huyo si mtu, ni shimo." Mwingine akadakia, "Mwache, bado anakua!" Hoteli nzima ikacheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke, lakini nilikuwa nafurahi pia, maana mkono wa mama mkubwa ulikuwa umeanza kulegea.

Guka hakucheka muda mrefu. Alinigeukia. "Ulikuwa unaenda kwa huyu mama?"

"Ndiyo."

"Alijua unakuja?"

"Alijua."

"Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Guka."

"Niliuliza nikuletee nini, ukanionyesha sahani ya mtu. Hukufungua mdomo ila kuweka chapati." Akasogea karibu, akapunguza sauti. "Sikia, kijana. Mimi nimeuza chakula tangu kabla hujazaliwa, na ninataka kila mtu ale hapa. Lakini mtu anayengojewa mahali na sufuria iliyofunikwa, huyo simuuzii. Ungesema unaenda kwa watu wako, ningekupa chai moja nikufukuze. Siku nyingine ukiingia hoteli ya mtu, sema unakokwenda. Hatukuli."

Maneno hayo sijayasahau.

Tulirudi hadi kwake. Mlangoni mama mkubwa akasimama, akaniuliza bila kunitazama, "Nne?"

"Nne, mama mkubwa."

"Na kuku wangu ungemwanzia wapi?"

"Ningejaribu."

Akatoa sauti fulani puani, nikajua ni kicheko kinachotafuta njia. Akafunika sufuria, akaifunga kwa leso, ugali akauzungushia gazeti na kitambaa. "Chakula hiki sikumpikia mtu ili kilale hapa. Twende kwenu."

Tulipanda gari hadi Kibera. Tulimkuta mama amekaa nje akichambua sukuma wiki. Alipomwona dada yake, majani yalimwanguka mapajani. Mama mkubwa aliweka sufuria juu ya kigoda, akaifungua.

"Mwanao amekataa chakula changu," akasema. "Kama ulivyokikataa wewe."

Mama alinitazama mimi kwanza, na kwa macho hayo nilijua nitaulizwa baadaye. Kisha akainuka, akanawa mikono kwenye beseni, akachukua bawa, akala hapo hapo akiwa amesimama, mbele ya dada yake na mbele ya majirani. Alitafuna polepole. Akalimaliza mpaka mfupa.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Hata tukiwa wasichana ulikuwa unasema hivyo hivyo!"

"Kwa sababu ilikuwa inazidi hivyo hivyo." Halafu akaweka mfupa chini. "Dada, siku ile ya mama sikuweza kumeza hata maji. Koo lilikuwa limefunga. Sikukukataa wewe."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani unajua."

Mama mkubwa alikaa chini pale kwenye majani ya sukuma na kulia, na mama akakaa naye, na mikono yote miwili ina mchuzi. Mimi niliingia ndani kutafuta sahani, maana hakuna aliyenihitaji hapo nje.

Mwanangu, sasa nikuambie ninachotaka ukishike. Utasafiri, na njaa ya barabarani itakupata. Kula kwa hoteli si dhambi, wala skonzi ya moto haina kosa. Lakini kabla ya kunyoosha kidole, jiulize kama kuna mtu mahali ameacha kazi yake na kuwasha moto kwa ajili yako. Kama yupo, kunywa chai, umwachie nafasi. Hata kama hakukuambia anapika, fikiri anapika. Na kama umekosea ukashiba, sema mara moja, utaje hoteli na ulichokula, hata kama ni aibu. Aibu ya chapati inaisha jioni ile ile. Mama na dada yake walipoteza miaka mitatu kwa sababu mmoja hakusema koo limefunga, na mimi kidogo niwaongezee mingine kwa sababu sikusema hoteli. Na wewe, mtu wa kwenu akikataa chakula chako, muulize vizuri kabla hujarudisha mkate wake. Fungua mdomo, mwanangu. Mimi nilizaliwa na haya na bado ninayo, lakini nimejifunza kuongea hata inaponishika.

Mungu akutangulie njiani. Akupe mahali pa kulala na kazi isiyokudhalilisha, na kila mji utakaofika awepo mtu wa kukuambia kula, nawe uwe na nafasi tumboni ya kumfurahisha.

Ukimaliza kusoma, niandikie. Niambie umefika wapi, unakula wapi, na kama kuna neno humu hukulielewa kwa ajili ya mwandiko wangu, liulize. Andika polepole kama mimi, sitakucheka. Wenzako nao waandike. Nangoja.