Urefu wa Ndani wa Baba Mkwe

Jumapili, tarehe 22 Juni. Upepo umeamka kabla yetu. Mpaka saa nne ulikuwa bado unasukuma vumbi la barabara ya Dodoma chini ya mlango, na baridi yake ni ile ya kuwafanya kuku wasimame ukutani wamevimba manyoya. Jua lilikuwepo, lakini la kutazama tu.

Jana ilikuwa sendofu ya wifi yangu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, na suruali aliyovaa baba yake niliishona mimi. Naandika leo kabla sijasikia watu wengine wanavyoisimulia, kwa sababu najijua: nikishasikia ya kwao nitaamini ya kwao.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ikungi. Neno fundi nalitumia kwa kuwa ndilo lililoandikwa mlangoni, na aliyeliandika ni mume wangu, hakuniuliza. Niliishia darasa la saba. Nashona sare za shule na magauni ya vitenge, na kazi zikipungua nabadilisha zipu. Nafanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba ya baba mkwe, chenye dirisha la barabarani. Mwaka huu alizeti imezaa mpaka watu wanalalamika, na baba mkwe akaanza kukitazama kile chumba. Hakuniambia kitu. Alimwambia mama mkwe, nami nikiwa palepale nasikia, kwamba chumba kikavu namna ile kukijaza vipande vya vitambaa ni kukionea. Kwa haki yake, nyumba ni yake, alizeti ni yake, na chumba ni kikavu kweli.

Wakati huo nilikuwa nimeshajiunga na kozi ya mtandaoni ya suruali za kupimwa. Suruali za kiume huku kwetu hazipimwi sana. Mtu anakuja na suruali ya zamani inayomkaa, anasema nifuatie hii, unaifuata, anaondoka. Mwalimu wa kwenye simu alisema huo si ufundi, ni kunakili kama mwanafunzi mvivu. Niliposikia hivyo niliona aibu peke yangu, tena nikiwa kwenye kona ya zizi, maana mtandao unashika vizuri zaidi huko. Elimu yangu yote ya suruali nimeipata nikiwa nimesimama na mbuzi.

Nisimwonee yule mwalimu. Anaeleza vizuri, na mikono yake ni safi kuliko mikono yoyote niliyowahi kuiona kwa fundi. Chumba chake kina ukuta mweupe na pasi inayotoa mvuke, na nyuma yake muziki unalia taratibu kama wa hotelini. Kila hatua anasema ni rahisi sana. Mimi hatua zilizonishinda zaidi ndizo alizosema ni rahisi sana, kwa hiyo nikawa naogopa kila akilitaja hilo neno. Mteja wake ni kijana mmoja mwembamba, masomo yote ni yeye. Anasimama tu, mikono chini, anapimwa kila mahali, na wala haonekani kuwa na ukoo.

Mwalimu alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila somo: fundi apime kwa mkono wake, futi ya kupimia asimwachie mtu mwingine, kwa sababu mwili wa mteja ni kitabu na lazima ukisome mwenyewe. Nililiandika hilo neno ukutani kwa chaki. Nilidhani nimelielewa.

Basi jioni moja baba mkwe alikuwa ameketi uani, mimi naosha vyombo hatua chache kutoka alipo. Akamwambia mama mkwe, "Mwambie mkamwana, hizo suruali za mwalimu wa kwenye simu anishonee moja ya sendofu. Ikinikaa, chumba aendelee nacho. Isiponikaa, magunia yaingie."

Mama mkwe akanigeukia akanirudishia maneno yote, moja baada ya jingine, kama vile mimi nilikuwa mbali kule Manyoni. Nikajibu kupitia kwake kwamba nimekubali. Akapeleka jibu. Baba mkwe akasema vizuri.

Usiku ule ndipo nilipokumbuka kwamba suruali inapimwa.

Katika ukoo huu mkamwana hamgusi baba mkwe. Hata mkono hampi. Shikamoo natoa nikiwa nimepiga goti pembeni, macho chini. Sasa futi ya suruali inataka kuzunguka kiuno chake, na makalio, na paja, halafu kuna urefu wa ndani, ambao mwalimu anauanzia pale miguu inapoachana na kuuteremsha hadi kifundo. Yule kijana mwembamba wakati wa urefu wa ndani huwa anatabasamu. Nilirudia kulitazama somo lile mara nyingi nikitafuta mahali mwalimu anaposema mteja akiwa ni mkweo ufanye nini. Hakuna. Kwa haki yake, hakuna fundi anayeweza kufikiria kila kitu.

Tukaamua apime mama mkwe. Alimsimamisha mumewe chumbani kwao, mimi nikakaa upande wa pili wa pazia na simu yenye somo. Mume wangu alikataa kabisa kuwa karibu, akaenda kuangalia kisima ambacho hakikuwa na tatizo. Mama mkwe namba za futi hazioni vizuri, kwa hiyo alikuwa anapima, anabana kwa dole gumba mahali ilipofikia, anakuja nayo hadi kwenye pazia bila kuliachia lile dole, mimi nasoma, naandika, yeye anarudi. Kazi ilikwenda polepole lakini ilikwenda. Simu ikasema kwa sauti, mwambie mteja wako alegeze mwili. Baba mkwe aliwahi kupita mafunzo ya mgambo, na aliposikia amri kutoka kwa mwanamume asiyemwona alikaza mwili zaidi. Nilimsikia mama mkwe akimwambia ashushe pumzi, atakufa.

Tulipofika kwenye urefu wa ndani, simu ikaeleza wazi, kwa furaha, pa kuanzia. Nikaizima ile sauti. Baada ya muda mama mkwe akaja na dole lake limebana, uso ameuelekeza dirishani, nikasoma, nikaandika.

Nilipokaa kukata, ile namba ilinisumbua. Ilikuwa fupi mno. Nikapima suruali ya mume wangu, ambaye ni mfupi kuliko baba yake, na yake ya ndani ilikuwa ndefu zaidi. Ikimaanisha kwamba miguu ya baba mkwe inaachana chini sana, karibu kama ya bata. Nikamwomba mume wangu aende akamuulize mama yake alianzia wapi.

"Nikamuulize mama alianzia wapi kumshika baba?" akasema. "Mimi?"

"Muulize kama utani."

"Utani wa namna hiyo utanie wewe. Mimi bado nataka kurithi."

Alikuwa na haki. Nikarudi zizini nikamtazama mwalimu, naye akasema namba hazidanganyi, zinazodanganya ni macho. Mimi nani wa kubishana? Macho yangu yameishia la saba. Labda wazee miguu hushuka. Nikakata kama namba zilivyosema, kitambaa kizuri cha kijivu, mguu mwembamba wa kisasa kama somo la mwisho lilivyotaka. Mwalimu alisema mteja ajaribishe kabla ya kumaliza. Nilituma ombi hilo kupitia kwa mama mkwe, likarudi jibu kwamba mzee hajaribu nguo kama mtoto wa Idi, ataivaa siku yake. Nikamaliza. Mishono ilikuwa imenyooka, hilo nalisema bila kujisifu kwa sababu hata mume wangu alilisema bila kuulizwa. Ikitundikwa kwenye msumari ilikuwa suruali nzuri kuliko zote nilizowahi kushona. Ijumaa mume wangu akaleta magunia ya alizeti kutoka shambani, akayapanga barazani, nje kidogo ya mlango wangu. Alisema yanasubiri tu.

Jana baba mkwe alipotoka chumbani, mimi nilitazama chini kama inavyotakiwa, na huko chini ndiko nilikoona. Viatu vilikaa sawa, pindo lilikaa sawa. Halafu akapiga hatua. Suruali ilikuwa imeungana chini ya mapaja, karibu na magoti, na kwa sababu mguu ni mwembamba wa kisasa, hatua yake iliishia pale suruali ilipoamua. Koti lilificha juu. Hatua haikufichika.

Ukumbini baba ndiye anayemsindikiza binti kutoka mlangoni hadi mbele, muziki ukipigwa. Vijana wa muziki waliweka wimbo wa haraka. Baba mkwe alikwenda mwendo wake, hatua fupi fupi, kichwa juu, na binti yake akalazimika kwenda vilevile, na wasimamizi nyuma yao, na mwishowe ukumbi mzima ulikuwa unasubiri. Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, tazameni mzee anavyotembea, huyu ni mtu asiyeharakishwa. Watu wakapiga makofi. Mwanamke wa meza yetu, mtu wa upande wa mwanaume, akaniinamia kuniambia kwamba siku hizi wazazi wenye hatua za heshima namna ile hawapo tena. Nilikubali. Nilikuwa nimeshika soda na siikumbuki ladha yake.

Kukaa alikaa vizuri. Nasema haki, kukaa suruali ile haina shida hata kidogo. Ila wakati wa kurudi alikuja kuchukuliwa na pikipiki, na pikipiki inataka miguu iachane. Alisimama kando yake akaitafakari. Kisha akakaa upande, miguu yote miwili kushoto, kama akina mama wanavyokwenda kanisani. Dereva akamtazama, akatutazama sisi. Baba mkwe akasema hivi ndivyo upepo usivyompiga mtu kifuani, wakaondoka.

Leo asubuhi nilikuwa napepeta ulezi na mama mkwe. Nilitaka kumuuliza, nikashindwa, nikaendelea kupepeta. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza, akiongea na ungo.

"Mimi nilianzia pale shati lake refu linapoishia," akasema. "Kupita hapo juu si mambo ya kupelekwa kwenye pazia."

Nikamwambia sawa, mama. Alikuwa amepima sawasawa kabisa kutoka pale alipoanzia. Nikamwonea huruma, maana na yeye alikuwa amebeba hilo neno tangu siku ya kupima. Lakini nikajua pia kwamba mapatano ni mapatano. Baba mkwe alisema ikinikaa. Mtu aliyepanda pikipiki upande, suruali haijamkaa, na mimi siwezi kushona sare za watoto wa watu ndani ya chumba nilichokipata kwa sababu wenye macho wameona aibu. Basi jioni, alipokuwa ameketi uani, nikamwomba mama mkwe afikishe ujumbe: mkamwana anasema suruali haikutoka vizuri, magunia yaingie, yeye atahamishia cherehani barazani.

Nilibaki palepale nilipo, macho chini. Mume wangu alisimama na gunia la kwanza begani, akisubiri.

Baba mkwe alilitazama kwanza lile gunia. Kisha akasema, "Mwambie mkamwana, nani anayesema haijanikaa?"

Mama mkwe akanigeukia. "Anauliza, nani anayesema haijamkaa."

Nikafunga kanga yangu vizuri.

"Kama haijanikaa," akasema baba mkwe, "kuna mahali haijakaa. Aje mtu aonyeshe hapo mahali. Aonyeshe kwa kidole."

Mama mkwe alianza kunifikishia na hilo, akafika kwenye kidole, akaacha. Alilitazama paa la jiko, ambalo ni bati tu. Mume wangu alitazama gunia. Mimi nilikuwa tayari natazama chini, kwa hiyo sikuwa na pengine pa kwenda. Nilifikiria kwa haki kabisa, na sikuona katika nyumba ile mtu mwenye kidole cha kazi hiyo.

"Basi hakuna," akasema. "Magunia hayo wekeni chumbani kwangu, chini ya dirisha. Na ya pili aishone ya kitambaa chepesi, hii ina joto."

"Aishone kama hii?" mama mkwe akauliza.

Baba mkwe akawaangalia kuku kwa muda mrefu. "Apunguze kidogo," akasema.

"Apunguze wapi?"

"Apunguze tu."

Mume wangu akageuka na gunia lake akaingia nalo chumbani kwa wazee. Chumba cha mbele kimebaki kwangu, na bado sijui kama nimekipata kwa kushona au kwa kukosekana shahidi. Nimejaribu kuliamua hilo tangu jioni na kila upande una haki yake.

Tumekula ugali wa ulezi na mlenda wa karanga, na nyama kidogo iliyobaki ya sendofu, ambayo mama mkwe aliigawa akaanzia kwangu.