Dumu la Akiba la Ami Nasoro

Mchanga wa Bawshar, hapa Maskati, humeza watu. Humeza mtu mzima, na kanzu yake na kofia yake, humtembeza chini kwa chini siku tatu, kisha humtapika baharini Sidab akiwa hana viatu. Msicheke. Nilikuwa na miaka tisa, na jambo hili nikiliamini kuliko jedwali la kuzidisha, ambalo hata leo, na cheti changu cha shule ya jioni kimetundikwa ukutani, bado silitii sawasawa.

Aliyenipa khabari hiyo ni Khalfani, mtoto wa mjomba wangu, mkaazi wa Sidab, mwenye miaka kumi na moja na uwongo wa mtu wa sabini. Ushahidi alikuwa nao: ufukweni kwao kila wiki huokotwa ndara moja moja.

"Sasa we Saidi jiulize," akaniambia, "mtu gani anapoteza ndara moja?"

Nikajiuliza. Nikaamini.

Haya yote yamenirudia juzijuzi kwa njia ya pua. Nilikwenda Sidab kununua samaki, nikamkuta mzee mmoja anaipaka mashua yake sifa. Kwa asiyeijua, sifa ni mafuta ya maini ya papa. Maini hutiwa pipani, pipa huwekwa juani, na kazi iliyobaki hufanywa na uozo wenyewe, mpaka yatoke mafuta ya rangi ya chai iliyolala, yenye vipande vinavyoelea ambavyo heri mtu asiulize ni vya nini. Harufu yake haiji puani kama harufu nyingine. Inakuja kooni, inakaa, inavua viatu. Paka wa pale, wanaokula utumbo wa samaki uliokanyagwa na magari, walikuwa wamekaa upande wa pili wa barabara. Mimi nikaegemea ukuta, na samaki sikununua. Mpaka leo samaki sijala. Naam, ni siku nne tu, lakini kwa mtu wa kabila letu siku nne bila samaki ni eda.

Sasa nikujulisheni kwa Ami Nasoro, mdogo wake baba. Tulikaa naye nyumba moja hapo Bawshar, pamoja na Bibi. Ujanani alisomeshwa uinjinia katika nchi moja ya baridi, na huko wenzake walimfundisha kupanda pikipiki za theluji, zile zisizo na magurudumu, zinazoteleza kwa mkanda. Ami hakuchoka kutusimulia. Kule, alisema, hakuna mwenye akili anayewasha chombo kile bila mkoba wa dharura. "Kinakwenda saa moja, kikikufia, unarudi kwa miguu siku nzima, theluji kiunoni. Wanaokutwa wamekufa, wengi hawakufa kwa kuanguka. Wamekufa kwa kile walichokiacha nyumbani."

Akarudi Oman na shahada moja na mkoba mmoja. Theluji hatuna, basi akanunua baiki, ile pikipiki ya magurudumu manne, na Ijumaa asubuhi akenda kuiendesha kwenye mchanga. Mkoba, lakini, hakuubadilisha hata uzi. Ndani yake mlikuwa na beleshi la kukunja, kamba ya kuvutia, filimbi, kioo cha kumulikia, viberiti visivyolowa, plagi ya akiba, na blanketi la karatasi ya fedha. Mpaka hapo sawa. Lakini mlikuwa pia na kofia ya sufu iliyonuka beberu, mishumaa ambayo jua la Maskati liliiyeyusha ikaganda pamoja na soksi, na chakleti ya akiba. Chakleti ile! Iliyeyuka na kuganda miaka sita mfululizo mpaka ikawa nyeupe, na manyoya. Bibi alimwambia aitupe. Ami akamjibu, "Mama, akiba haiozi," akavunja kipande, akatafuna mbele yetu kwa ushindi. Nilisikia meno yake yanakwaruza mchanga. Nilikwenda kutapika bafuni kwa adabu, mlango nimeufunga.

Kilichoniharibu mimi, hata hivyo, kilikuwa kitu kimoja: fimbo. Fimbo nyembamba ya vipande vipande, ukiuvuta uzi wake inakunjuka ikawa ndefu kuliko dari. Nilimwuliza Ami ni ya nini, naye akanijibu kwa ukweli wote kwamba ni ya kuchomachoma chini kumtafuta mtu aliyefukiwa. Alikusudia theluji. Mimi nilisikia mchanga. Nikampigia Khalfani simu siku ile ile.

"Si nlikwambia!" akapiga ukelele. "Mtu mzima anatembea na fimbo ya kuchokolea waliomezwa. Na dawa anayo?"

"Dawa gani?"

"Sifa, bwege we! Mchanga ukisikia harufu ya papa unadhani umefika baharini, unatapika palepale."

Wasomaji wangu, mantiki hiyo niliiona ina nguvu kuliko saruji. Alkhamisi Khalfani akaja kututembelea na kopo la rangi lililojaa sifa, limefungwa mifuko saba ya plastiki, na bado kila aliyepishana naye alitazama chini ya viatu vyake. Tukakaa uani kupanga. Ami hakukubali kitu kigeni juu ya baiki yake. Kila kitu kilikuwa na mkanda wake na nafasi yake. Nyuma kabisa palifungwa dumu la lita tano la maji ya kunywa. Maji! Nikatazama upande wa mchanga, nikaona juu ya ukuta wetu majumba yamesimama pande zote, kila jumba na tangi lake. Bawshar nzima ni maji, nikamwambia Khalfani. Kisichopatikana ni sifa. Nikayamimina maji yale kwenye mirihani ya Bibi, kwa uangalifu, yasipotee bure, nikajiona mtu mwenye busara. Kisha tukajaza dumu. Vipande vikubwa Khalfani alivisukuma kwa kidole, kisha kidole akakifuta kwenye kanzu yangu. Tuliyobakisha nikaazimia kujipaka miguuni asubuhi.

Ilikuwa mwezi wa tano, shule inakaribia kufungwa, jua limeshaanza uadui. Khalfani alikwisharudi kwao. Ami aliponipakia nyuma yake akageuka, pua imekunjika kama karatasi.

"We mwana, unanuka nini?"

"Bibi kanikanda miguu."

Akawasha baiki. Bibi alitukanda wajukuu kwa kila kilichotoka ardhini na kila kilichoteleza, na Ami alikwishajifunza kutouliza. Uwongo ule mdogo ndio uliokuja kuziba pua yake saa ilipohitajika, kwani tangu hapo harufu yote iliyokuwapo ilikuwa yangu.

Tulipanda tukashuka kiasi cha saa mbili, tukamaliza chupa ndogo za maji. Ami alitaka kuwahi sala ya Ijumaa. Kwenye tuta la mwisho mchanga ulilegea chini ya gurudumu, baiki ikainuka kama farasi, mimi nikarushwa huku, yeye akaangukia kule, na chombo kikamlalia mguu. Nilisikia mfupa. Sauti yake ni ndogo tu, kama kuvunja muwa, lakini nilihisi mate yangu yamekuwa sabuni.

Ami hakupiga kelele. Alinitazama kwanza mimi, nimesimama mzima, akasema "Alhamdulillahi," kisha akanielekeza taratibu kama mtu anayesoma karatasi. Simu iko kwenye gari lililoileta baiki, mbali barabarani, kaiacha isiingie mchanga. Chukua beleshi, chimba chini ya mguu. Nikachimba. Kila nilichotoa kikarudi na ndugu zake. Piga filimbi. Nikapiga mpaka masikio yangu yakalia yenyewe. Tulikuwa kwenye bonde, na kutoka misikitini adhana ilitujia safi kabisa. Mji mzima ulikuwa hatua mia chache kutoka pale, na mji mzima ulikuwa unatia udhu. Baiki ilikuwa ya moto hata haigusiki. Midomo ya Ami ilikuwa imepasuka na kupata ukoko mweupe pembeni.

"Nipe maji, baba," akasema.

Nilimpa dumu. Nasema hivi polepole kwa sababu naona aibu hata kuandika: nilimpa kwa furaha. Nilidhani atajipaka, mchanga umwachie mguu. Naye, kwa kiu ile, alilifungua, akalikumbatia kwa mikono miwili, akainua, akameza mara tatu kabla ulimi haujampa khabari.

Nimeona mambo ya kuchefua katika maisha yangu. Nimefanya kazi jiko la hoteli, nimezibua mifereji. Sijaona mfano wa kile. Mafuta yakamtoka puani. Yakashuka kwenye ndevu, na kipande cheusi kimoja kikaganda juu ya mdomo kama masharubu ya upande mmoja. Akatapika sifa, akatapika chai ya asubuhi, akatapika mpaka hakuna kitu, akaendelea kutapika hakuna kitu. Na nzi! Sijui nzi wa jangwani huishi kwa nini, lakini siku ile walikuja kutoka wilaya zote kwa jamaa na koo. Miguu yangu mafuta yalikuwa yameshika mchanga, nimekuwa kama samaki aliyechovywa unga anayesubiri kikaango. Ami alilitazama dumu. Akanitazama miguu. Alielewa, sasa najua kuwa alielewa palepale. Lakini alichosema ni hiki tu, kwa sauti ya kukwaruza:

"Saidi. Panda juu ya tuta mpaka uone nyumba. Usigeuke nyuma."

Nikaenda nakimbia, bila hofu hata chembe, maana mchanga unimeze mimi nilivyonuka vile? Nyumba ya kwanza niliyoifikia ilikuwa na mlango wa nyuma wazi, na dada mmoja wa kazi anaanika nguo. Ni Mganda, jina lake Prosi, nililijua baadaye. Alikuwa na vibanio mdomoni. Vikamwanguka vyote.

"Yesu wangu! Wewe mtoto, umekufa lini?"

"Ami yangu kalaliwa na baiki."

"Ako wapi?"

Nikaonyesha. Alibeba katoni ya maji kichwani, akafunga pua kwa ncha ya kitambaa, akamwita mlinzi wa jirani, na akapanda tuta lile na ndara zake za bafuni kasi kuliko baiki. Njiani alinisukuma mbele kwa kidole kimoja tu, kile anachokihitaji kidogo. "Tangulia, lakini kaa kule upepo unaenda," akasema. Tulipofika Ami alikuwa haongei Kiswahili tena, wala Kiarabu. Macho yalikuwa wazi lakini hayana mtu. Prosi alikifuta kile kipande kwenye mdomo wake kwa mkono wake mtupu, mimi nikageuka pembeni kwa kinyaa, akaanza kumtia maji tone kwa tone.

Hospitali alikaa siku kumi na moja. Mguu waliufunga vyuma. Watu wazima walikuwa wakinong'ona juu ya figo, lakini sisi watoto tuliambiwa jua limempiga. Bibi alinisugua kwa ndimu, kwa unga wa dengu, kwa dawa ya sahani, na wiki nzima nikalala uani kama mgeni asiyetakiwa. Khalfani alipopata khabari alinipigia simu, furaha imemzidi: mchanga ulimshika mguu Ami yako, ukaonja sifa, ukamwacha! Nami nikakubali. Tena nikajivuna. Nilimwokoa Ami yangu. Kisa hiki nilikisimulia shuleni, kazini, na miaka hii ya karibuni shule ya jioni, na kila nilipokisimulia tuta liliongezeka urefu.

Baada ya mguu kupona Ami alirudi mchangani. Kofia ya sufu aliitupa, na chakleti, na fimbo. Akaongeza madumu, yakawa matatu. Na kila Ijumaa, kabla hajawasha chombo, alifungua dumu moja moja akanywa funda mbele yetu sote, taratibu, macho ameyafumba. Nilidhani ni mambo ya uzee. Wakati mwingine nilimwigiza, Bibi akacheka, yeye akacheka pia. Leo nikilikumbuka lile funda la kwanza, mtu aliyemeza alichomeza anaweka tena mdomo kwenye dumu, nashikwa na kichefuchefu, na safari hii si cha mafuta. Miaka kumi na tatu aliniachia nijione shujaa, mezani kwake, nakula chakula chake.

Siku nilipopata cheti alinifanyia karamu. Biriani lilipokwisha nikasimama kusimulia, maana palikuwa na wageni ambao hawajanisikia. Nikafika pale mchanga unapomtema Ami kwa nguvu ya sifa. Wageni walicheka. Bibi hakucheka. Ami alikuwa anafuta mikono. Aliikunja taulo, akaiweka, na akaniambia kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto hesabu:

"Mchanga haumezi mtu, Saidi. Mimi siku ile nlikuwa nakufa kwa kiu, na maji uliyamwaga wewe."