Kibao cha Muhogo Mchungu

Mjukuu wangu, naona unafunga magunia ya muhogo ya kupeleka mjini. Funga tu, sikukatazi. Ila nisikilize huku mikono yako ikifanya kazi, maana mimi nikianza kusema sijui kuacha.

Nakumbuka nilikuwa nimeolewa hapa Mkongo hata mwaka haujaisha. Mwingereza ndiye aliyekuwa mwenye nchi, na alitaka kila gunia la chakula linalohamishwa lifungwe kibao chenye maandishi: limetoka wapi, ndani mna nini. Sisi tulipanda muhogo mchungu, kwa sababu ule mtamu nguruwe pori hawakutuachia hata mzizi. Mchungu una sumu, lakini tuliujulia: unaumenya, unauloweka mpaka ulainike, unauanika, ndipo unautwanga unga. Wenzetu wa Kibiti walizoea mtamu, wa kuchemsha, na watoto wao waliutafuna mbichi.

Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa kijana wa haraka haraka. Alipeleka magunia ya muhogo mbichi Kibiti akarudi anacheka peke yake, eti yote kayachukua mama mmoja jirani na msikiti. Mama yake, Bi Zuhura, akamuuliza, "Na vile vibao?"

"Nimevitoa, mama. Mtu akisikia mchungu anapita zake. Kwani Mzungu ataonja?"

Bi Zuhura aliacha kutwanga. Hakupaza sauti, hakuwa na tabia hiyo. "Kibao si cha Mzungu," akasema. "Ni cha mwenye kula. Mchukue mkeo mrudi Kibiti sasa hivi."

Tulipanda baiskeli moja, mimi nyuma. Tulimkuta yule mama ameketi mlangoni, binti yake mdogo kalala mapajani, macho yamemlegea. Alikuwa ametafuna kipande kibichi, akatapika mpaka akaishiwa nguvu. Wallahi niliogopa, niliona mtoto anatutoka. Babu yako akambeba mbio mpaka zahanati, akakaa naye pale hadi alipofumbua macho akaomba maji.

Yule mama hakututukana. Laiti angetukana, mwanangu, ingekuwa nafuu. Alimtazama tu babu yako akasema, "Kaka, ungeniambia, ningenunua vilevile. Ningeuloweka."

Babu yako alilia njia nzima ya kurudi. Sikumwona akilia tena, hata siku alipomzika mama yake.

Basi unapopeleka chakula kwa watu usiowajua, waeleze ni nini na kimetoka wapi, hata kama watakiacha. Palipo na uchungu andika mchungu. Mlaji hakukuona ukilima, hana cha kushika ila neno lako. Haya, kaza kamba hiyo. Mola akufungulie njia, na kila atakayekula jasho lako aamke mzima, yeye na wanawe.