Jumapili Kwenye Matumbawe

Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa nilipelekwa kusomea mambo ya ushirika katika kisiwa kimoja cha Karibi. Nilikuwa karani wa chama cha wakulima wa tumbaku Tabora, msichana aliyeiona bahari mara ya kwanza alipofika Dar es Salaam kupanda ndege. Chuoni Mtanzania nilikuwa peke yangu. Siku za masomo zilikwenda vizuri, lakini Jumapili zilikuwa nzito. Wenzangu walikwenda makwao, bweni likawa kimya, nami nikawa najisemesha Kinyamwezi chumbani ili nisikie tu sauti ya mtu.

Mama aliyesimamia bweni alinihurumia. "Nenda kaione hifadhi ya bahari," aliniambia Jumapili moja. "Basi linapita hapo nje. Usikae humu kama mgonjwa."

Nikaenda. Kwenye mashua kila mtu alikuwa na mwenzake, wakipigana picha. Mwongozaji, mzee mwembamba mwenye kofia ya ukindu, alitueleza masharti: tusiguse matumbawe, tusiokote hata kombe. Wengine wakajitosa majini. Mimi nikabaki nimekumbatia magoti.

"Huogelei?" mzee aliniuliza.

"Kwetu hakuna bahari. Kuna misitu, na mito inayokauka kiangazi."

Akanivika boya, akanipa miwani ya kuzamia, akaniambia nishike ngazi ya mashua na kutumbukiza uso tu. Chini yangu vichaka vya rangi ya zambarau vilikuwa vikiyumba kama mtama kwenye upepo. Samaki wa manjano walipita makundi makundi, bila hofu yoyote. Mmoja wa buluu alinisogelea, akanitazama, akaenda zake. Niliinua uso haraka, neno la Kinyamwezi likiwa tayari mdomoni, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Nilipopanda tena, mzee alinionyesha ufuko uliokuwa mtupu. "Pale ndipo palikuwa kwetu. Hifadhi ilipoanzishwa tukahamishiwa kilimani."

"Mlipewa nyumba nzuri?"

"Nzuri. Ila nikiamka siisikii bahari."

Nikamwambia kwamba mama yangu naye atahamishwa. Viwanja vya kijiji kipya vilikuwa vimekwisha kupimwa nilipoondoka.

"Anasemaje?"

"Anasema atahama na majirani zake. Shida yake ni kaburi la baba."

Mzee akaanza kukunja kamba. Mashua ikageuka kurudi gatini.

Masomo yalipokwisha nilirudi. Nilishuka treni Tabora nikapanda lori la kwenda kwetu Puge. Kijiji kipya kilikuwa kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari, nami ikabidi niulize ya mama ni ipi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Alinipikia ugali wa mtama na mlenda wa karanga. Nikamsimulia habari za samaki.

"Mlivua wengi?"

"Hawavuliwi, mama. Wanatazamwa tu."

"Wanatazamwa," alirudia kwa upole, kama anayemwitikia mtu mwenye homa. Kisha akanisimulia kisima kipya, jinsi maji yalivyokuwa karibu. Kisima kilimfurahisha kweli.

Kesho yake nilikwenda peke yangu kwenye mji wetu wa zamani. Paa la nyumba yetu ya tembe lilikuwa limeporomoka, nguzo zimechukuliwa, majani yamenifika kiunoni. Nilidhani kaburi la baba sitaliona. Nililikuta limepaliliwa, udongo umefagiliwa, na pembeni pana kigoda cha jikoni.

Niliporudi nilimwuliza mama.

"Ni mimi," alisema.

"Kwa miguu? Ni mbali, mama."

"Huku watu ni wengi, lakini kila mmoja ana shughuli zake. Kule nakaa nazungumza naye, nikichoka narudi."

Likizo ilipoisha nilirudi kazini, nikapanga chumba mtaa wa Chemchem, Tabora mjini. Nilimsihi mama aje tukae wote mjini, akakataa, akasema nani atamfagilia baba. Sikumbishia. Nilipopata nafasi nilikwenda tukapalilia pamoja, yeye akizungumza na baba taratibu, mimi nikisikiliza kando. Wakati wa kuondoka alinisindikiza hadi barabarani, lori lilipokuja akageuka kurudi nyumbani kabla sijapanda.