Shamba Lenye Mkia

Msellem, mpima ardhi wa Mgogoni, hakuwa bubu. Alikuwa mwangalifu tu. Ndugu wakigombania mpaka, mpima akisema "mh" akiwa ameelekea upande mmoja, upande wa pili unaapa keshahongwa. Hata miaka ile watu wa chama hiki na kile walipokuwa hawazikani, yeye aliitwa na wote. Akipima, akifunga vifaa vyake, akienda zake.

Ubaya ni kwamba tabia hiyo ilimfuata hadi kwenye mambo ya moyo. Alimpenda shangazi yangu, Bi Mwatima, mjane mwenye mkono mtamu na ulimi mkali, na miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia zaidi ya "Masalkheri." Kijiji kizima kilijua. Mimi nilikuwa natamani kumsukuma kwa mikono yangu miwili.

Ukafika wakati wa kugawana shamba la karafuu aliloliacha babu. Msellem alilizunguka na simu mfukoni, programu ya ramani ikichora mstari kila alipokanyaga. Alitakiwa atoe mipaka tu, atutumie katika kundi la WhatsApp la warithi, ili ami Zahran aliyeko Maskati naye aione. Lakini Msellem aliogopa kuambiwa kaficha kitu. Programu ilipomuuliza atume nini, akabonyeza "vyote."

Ami Zahran ndiye aliyefungua mwanzo. Akatuma sauti, na sauti ya ami husikika hadi kwa jirani.

"Assalamu alaykum. Msellem, shamba la marehemu baba n'nalijua, lina pembe nne. Mkia uno umetoka wapi?"

Sote tukafungua. Kwenye pembe ya kisimani mstari ulitoka shambani, ukavuka barabara, ukapita msikitini, ukafika kwa shangazi Mwatima. Hapo ukazunguka nyuma ya nyumba, ukarudi, ukazunguka tena, mpaka pakawa wino mtupu. Kisha ukaenda moja kwa moja kwa Msellem. Alisahau kuizima programu.

Maskini, nilimwonea huruma. Ukoo mzima, wa Wesha, wa Tumbe na wa Maskati, unamtazama mtu mzima anavyoshindwa kupiga hodi! Akaandika: "Samahanini. Hilo si eneo la mirathi."

"Basi eneo la nini?" akauliza ami.

Tukaona Msellem anaandika. Akaacha. Akaandika tena, akaacha. Nikasema moyoni, huyu kesho anahama kijiji, na shangazi ndiyo basi.

Ndipo shangazi, ambaye katika kundi lile hakuwahi kuandika ila "Amin," akatuma sauti yake.

"Kaka Zahran, mwache mtoto wa watu. Na we Msellem, mchicha wangu mie nikidhani kaukanyaga mbuzi, kumbe ni wewe! Mlango uko mbele."

Alasiri ile ile Msellem alipita mbele. Simu aliiacha nyumbani.