Zamu ya Mama

Harufu ya ukindu unaochemka kwenye rangi si nzuri, na mtu asikudanganye. Inanuka kama majani yaliyolowa mvua yakasahauliwa ndani ya kiroba, ikichanganyika na moshi wa vifuu na ukali wa ile rangi ya unga ambayo ukiivuta vibaya inakukaa kooni mpaka jioni. Lakini nilipoisikia mwezi uliopita, nikipita nyuma ya soko la Bagamoyo na mwanangu mchanga mgongoni, miguu ilikataa kwenda. Nilisimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa. Mwanamke mmoja alikuwa anageuza ukindu kwa mti ndani ya sufuria jeusi, na rangi yenyewe ilikuwa zambarau. Mama yangu aliwahi kuchemsha zambarau hiyo hiyo, mikono ikamwiva mpaka kwenye vifundo, na mkeka aliouchemshia hakuukalia hata siku moja. Sababu ni mimi. Si mimi peke yangu, na wengine nitawataja, lakini nianze na mimi.

Nilikuwa na miaka minane, niko darasa la pili, na tulikuwa tunaishi Bagamoyo kwa bibi, mama yake baba. Nyumba ilikuwa kubwa, ya mawe, ina vyumba vingi vilivyofungwa, na funguo zote zilikuwa kiunoni kwa Bibi. Mama aliingia humo akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa, na kwa miaka yote hiyo hakuwa na kitu ambacho angeweza kukigusa akasema hiki changu. Hata pa kukaa. Mikeka ilikuwepo, mizuri, lakini kila mmoja ulikuwa na sababu ya yeye kutoukalia. Akikaa huu, Bibi anasema kwa sauti yake laini, "Sogea mwanangu, huo wa wageni." Akihamia ule, "Huo wa marehemu, usiuchakaze." Wa tatu ulikuwa wa kuswalia. Mama alikula chakula chake akiwa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, sahani mapajani, au kwenye sakafu ya saruji, na alipokuwa mjamzito wa mdogo wangu alikula hivyo hivyo. Baba alikuwa anaona. Baba alikuwa na macho mawili mazima kabisa.

Kila alasiri, vyombo vikishaoshwa, Mama alijitanda kanga, akachukua kisu chake cha kuchania ukindu, akaenda uani kwa Bi Mwanaidi, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Walikuwa wanne. Bi Mwanaidi mwenye uwanja, aliyeachwa mara mbili na hakuonyesha dalili ya kuhuzunika. Mama Shufaa, mnene, mwenye mikono myepesi kuliko wote. Salma, mdogo wao, aliyeolewa mwaka ule. Na Mama. Utaratibu wao ulikuwa wa zamu: wote wanne wanasuka ukili wa mtu mmoja mpaka unatosha, wanakaa kuushona, mkeka ukitoka anakabidhiwa mwenye zamu, kisha wanaanza wa mwingine. Mwenye zamu ndiye anayenunua ukindu, ndiye anayechagua rangi na kuichemsha, na siku ya kushona ndiye anayeleta chai na mihogo. Mwaka ule walijiwekea kwamba Ramadhani ikiingia, kila mmoja afuturu juu ya mkeka wake mpya. Zamu ya Mama ilikuwa ya mwisho.

Watu wanadhani pale palikuwa mahali pa kazi. Kazi ilikuwepo, vidole havikusimama, lakini watu walikwenda kulalamika. Mama Shufaa alilalamikia mume anayetoka msikitini, anavua kofia, anaketi na kuuliza "Kuna nini leo?" kama mtu aliyeingia hotelini. Salma alilalamikia wifi yake anayekuja kufunua masufuria kabla hajasalimia. "Mfungie jiko," anasema Mama Shufaa. "Nalifunga vipi, shoga yangu, na jiko lenyewe la mama yao?" Bi Mwanaidi akiulizwa habari za mume wake wa pili alisema, "Alikuwa mtu mwema sana yule. Akilala." Wakacheka mpaka ukili unawaponyoka. Mimi nilikaa katikati yao nikipewa vipande vifupi vya kujifunzia, na nilielewa zaidi ya walivyodhani. Nilielewa kwamba mama yangu, ambaye nyumbani alisema ndiyo na abee na nimesikia, uani kwa Bi Mwanaidi alikuwa mchekeshaji kuliko wote.

Kichekesho chake kikubwa kilikuwa Bibi akionja mchuzi. Aliinuka, akachota mchuzi usiokuwepo kwa upawa usiokuwepo, akaumimina kiganjani, akanyonya. Kisha akafumba macho na kungoja, shingo imeinama upande, kana kwamba ladha inasafirishwa kutoka mbali na bado haijafika. Mwishowe akasema kwa sauti laini, "Mmh. Wenyewe wangetia ndimu." Hao wenyewe hawakujulikana ni akina nani, lakini kila mchuzi wa Mama ulikuwa na kitu ambacho wenyewe wangekitia. Ikawa neno lao. Mama akichelewa kufika, Mama Shufaa anamuuliza, "Vipi leo, wenyewe wamekuruhusu?" Nikajifunza kumwigiza Mama akimwigiza Bibi, na wanawake wale walinipigia makofi. "Huyu kakuzidi," Salma alimwambia Mama, na Mama alinitazama kwa furaha ambayo sikuwa nimezoea kuiona usoni mwake.

Sasa nimseme Bibi. Bibi alikuwa akinipaka mafuta kichwani kila magharibi, na kabla ya kunipaka alifungua kabati akanipa kipande cha kashata. "Haya, mke mwenzangu," ananiambia, kwa sababu hapa kwetu bibi humwita mjukuu hivyo, "huko uani wamesema nini leo?" Nilimpa kidogo kidogo. Nilimpa za Salma na wifi yake, za mume wa Mama Shufaa. Sikujua kwamba nafanya kazi. Nilidhani napendwa. Leo nina watoto wawili na naweza kusema bila kumung'unya: mtu mzima anayemnunua mtoto kwa kashata ili amchunguze mama yake ni mtu mbaya, hata akiwa anaswali sala zote tano, na Bibi aliswali zote.

Ijumaa moja, Shaaban ikiwa inaelekea mwisho, alikuja shangazi yangu kutoka Miono. Tulikula pilau, na Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawisha watu. Mikono yake ilikuwa ya zambarau kwa sababu alikuwa amechemsha ukindu wake siku mbili kabla, na wenzake walikuwa wameshaanza kumsukia. Bibi akaniambia, "Zuwena, nasikia huko kwa Mwanaidi unawachekesha watu. Hebu tuchekeshe na sisi." Nikamtazama Mama. Alikuwa ananitikisia kichwa, kidogo sana, na mimi nilikiona kile kichwa. Nisiseme sikukiona. Lakini nilikuwa na miaka minane, na watu wote walikuwa wananingoja mimi. Nikainuka. Nikachota, nikanyonya, nikafumba macho, nikangoja. "Mmh. Wenyewe wangetia ndimu."

Baba ndiye aliyecheka. Hili nataka liandikwe vizuri: baba yangu alicheka, kicheko cha kumtoka kabla hajakizuia, kwa sababu alikuwa amekula mchuzi wa nyumba ile maisha yake yote na alijua ni kweli. Kisha akauona uso wa mama yake. Mtu aliyecheka mahali kama pale inabidi aadhibu zaidi ya wote, ili ionekane kwamba hakucheka. Hakupiga kelele. Alimwambia Mama, mbele ya dada yake na mbele yangu, "Kuanzia leo uani kwa Mwanaidi usikanyage. Kama ni kusuka, suka hapa." Kisha akanigeukia. "Na wewe ukome kubeba maneno. Ukisikia neno la watu, limeze." Mama aliendelea kuwanawisha watu mikono, mmoja baada ya mwingine, akamaliza na Bibi. Bibi alishika kitambaa na kusema, "Ahsante, mwanangu."

Kesho yake Bibi alinituma kwa Bi Mwanaidi nikachukue kisu cha Mama, alichokuwa amekiacha huko. Niliwakuta wote watatu. Walinyamaza nilipoingia, na hapo ndipo nilipojua kwamba habari zilikuwa zimefika kabla yangu. Lakini mikono haikuwa imenyamaza: kila mmoja alikuwa na ukili wa zambarau mapajani. Bi Mwanaidi alinipa kisu kimefungwa kwenye kitambaa, akanishika bega. "Mwambie mama yako zamu yake ipo. Sisi tunasuka. Asipoweza kuja, tutashona wenyewe, yeye atuletee neno tu mkeka tuupitishe wapi. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Nilipofika mlangoni akaniita tena. "Zuwena. Mwambie zamu yake ipo."

Mama alikuwa jikoni. Alikipokea kisu, akafungua kitambaa, akakikunja tena polepole kana kwamba angekuta kitu ndani. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Wamesema nini?"

Nikasema, "Hawajasema kitu."

Nilikuwa nimeambiwa nimeze, nikameza. Nilijivunia, hata. Nilidhani hatimaye nimekuwa mtoto mwema.

Ramadhani ikaingia, Mama akafuturu kwenye mbuzi yake. Uani kwa Bi Mwanaidi mkeka ulishonwa, nikauona umekunjwa na kusimamishwa ukutani, unangoja jibu ambalo lilikuwa tumboni mwangu. Mama Shufaa alikuja mara moja mpaka mlangoni kwetu, Bibi akampokea kwa maneno mazuri na kumwambia Mama amelala. Idd ikapita. Wale wanawake nao ni watu, wakachoka kungoja. Walidhani Mama ameamua kukaa upande wa wakwe. Salma alipojifungua, mkeka akapewa yeye. Siku moja Mama aliuona umeanikwa kwenye kamba ya Salma. Alisimama njiani. "Ukindu wangu," alisema. "Rangi nimeipika mimi." Nilikuwa nimemshika mkono. Sikusema neno. Tangu siku ile Mama alipokwenda sokoni alizunguka njia ya makaburini, ndefu, yenye jua kali, asiwapitie wale wanawake milangoni mwao.

Sasa mimi naishi Mapinga. Nina nyumba ambayo funguo zake ninazo mwenyewe, na ukuta mrefu kuizunguka, na majirani zangu nao wana kuta zao. Nawajua kwa muungurumo wa mageti yao alfajiri, waume wakielekea mjini. Hakuna uani kwa mtu. Nina kundi kwenye simu, mimi na wenzangu watatu niliosoma nao sekondari, na humo tunatumiana sauti tukiwa tunaosha vyombo: mmoja mume wake hajui nepi zinakaa wapi na mtoto ana miezi saba, mwingine mama mkwe amehamia kwa wiki mbili na huu ni mwezi wa nne. Mume wangu hapendi. "Mnatangaza ya ndani," ananiambia. Nikamjibu kwamba ya ndani yangekuwa mazuri tungetangaza hayo. Alikasirika siku mbili. Nami nilikasirika, na sijamaliza. Mikono yao siioni, wala wao hawaioni yangu, lakini ni afadhali kuliko kumwambia ukuta.

Mama alikuja kunilea nilipojifungua. Siku ya thelathini na kitu, akiwa anakamua nepi kwenye beseni, nikamwambia. Sikupanga. Nilimwambia kwamba Bi Mwanaidi alimtumia neno, na neno lenyewe lilikuwa kwamba zamu yake ipo, na alilisema mara mbili. Aliendelea kukamua nepi ile ile mpaka haikuwa na maji tena.

"Hukuniambia."

"Niliambiwa nimeze."

Hakuuliza na nani. "Msiba wa Mwanaidi sikwenda," alisema. "Nilipita makaburini siku ya pili nikaliona kaburi bichi, nikasema huyo hakunitaka." Kisha akachukua nepi nyingine. Nilingoja aseme ulikuwa mtoto, haikuwa kosa lako. Hakusema, na sikuwa na haki ya kumdai.

Jioni ile mama mkwe alipiga simu, akaomba kuongea na binti yangu mkubwa, Nasra, mwenye miaka sita. Tulikuwa tumekaa sote kwenye mkeka wa plastiki nilioununua dukani, wenye maua, usiojua mkono wa mtu yeyote. Nikamwona Nasra amefunika simu kwa kiganja, ananitazama kama anayeulizwa swali gumu shuleni. "Bibi anauliza, mama huwa anasema nini na wenzake kwenye simu."

Nilitaka kuinyakua ile simu na kuivunja. Nikamwambia, "Mwambie nasema nimechoka. Mwambie nasema mwanawe haoshi hata kikombe. Mwambie kama nilivyosema, usipunguze."

Nasra akamwambia, neno kwa neno, na sauti yangu akaitoa vizuri sana. Mama hakuinua kichwa. Alikuwa anavipitisha vidole vyake juu ya ile plastiki, kimoja juu ya kingine, kama mtu anayetafuta ukili ulipoanzia.

"Mara mbili?" aliniuliza. "Mwanaidi alisema mara mbili?"

"Mara mbili, Mama. Alinirudisha mlangoni."