Eeddo Alipokuja Kutusomea Riwaya

Kwa miaka kadhaa wanawake wa mtaa wetu hapa Garissa tulikuwa na shangazi mmoja kwenye simu. Alijiita Eeddo, na eeddo kwa Kisomali ni shangazi wa upande wa baba, yule anayeruhusiwa kusema lolote kwa yeyote. Aliandika blogu kwa Kiswahili: namna ya kuishi na mama mkwe, namna ya kufukiza nguo bila kuunguza pazia, namna ya kumjibu mume anayeuliza chakula kiko wapi ilhali kiko mbele yake. Ukimwandikia, anakujibu. Sisi tulikwisha kumchora kichwani: mama wa makamo, mnene, mwenye jino la dhahabu. Dada yangu aliapa kwamba aliwahi kumwona sokoni akibishana na muuza vitenge.

Basi likaja tangazo kwamba Eeddo ametoa riwaya, na kwamba ataisoma mbele ya watu Jumamosi alasiri katika ukumbi mmoja hapa mjini. Nikatoa diraa yangu mpya, gauni langu la sherehe. Mume wangu akasema naye anakuja.

"Wewe na riwaya wapi na wapi?" nikamuuliza.

"Wamesema kuna sambusa."

Tulikuta ukumbi umejaa. Walimu waliotoka bara walikaa mbele, sisi wanawake katikati, na nyuma wazee wa biashara ya mifugo ambao nadhani walifuata feni. Mume wangu hakutaka kwenda nyuma. Alijibana kwenye kiti kando yangu. Akatokea kijana mwembamba, ndevu za kubahatisha, shati limemzidi mabega. Tukadhani amekuja kutengeneza kipaza sauti. Akaketi, akanywa maji, akasema, "Asalaam aleikum. Mimi ndiye Eeddo."

Ukumbi mzima ukageukiana.

"Astaghfirullah," mama mmoja nyuma yangu akanong'ona. "Huyu nimemweleza mambo ya uzazi!"

Dada yangu akavuta shela akajifunika uso, ingawa kijana hakuwahi kuuona uso huo.

Kijana akajieleza haraka haraka. Alianza kwa mzaha, akiiga sauti ya shangazi yake. Watu walipoanza kuuliza maswali akatishika, akawa anampelekea shangazi mwenyewe kila swali, naye anamwambia cha kuandika. Hapo ukumbi ukapumua. Angalau ushauri ulikuwa wa mtu mzima.

Kisha akafungua kitabu akaanza kusoma. Kulikuwa na mwanamume, karani wa ofisi, mtu wa maneno machache nyumbani kwake. Ila kila jioni mtu huyu humpigia simu mchungaji wake, akamwomba aiweke simu kwenye sikio la ngamia jike mmoja anayempenda, halafu akaongea na ngamia huyo: "Usiwajali hao wengine."

Karani huyo nilimjua.

Mume wangu ni karani. Ngamia wake wako Ijara, wanachungwa na binamu yake. Kila jioni huketi kwenye mkeka uani na kumwambia ngamia mmoja kwa sauti ambayo mimi niliisikia mara ya mwisho wakati wa uchumba, "Bibi mkubwa, hujambo? Umeshiba leo? Usiwajali hao wengine." Nilimwandikia Eeddo kulalamika kwamba ngamia anaulizwa kama ameshiba, na mimi naulizwa soksi ziko wapi. Eeddo alinijibu nishukuru kwamba mke mwenza hahitaji nyumba. Sikujua kama barua ile ilikuwa inaelekea kitabuni.

Watu walicheka mpaka wakapiga mapaja. Nikamtazama mume wangu kwa pembe ya jicho. Hakucheka. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayesikiliza matokeo ya uchaguzi.

Ulipofika wakati wa maswali, yeye ndiye aliyesimama wa kwanza. Nikaanza kusoma kila dua ninayoijua.

"Kijana, umeandika vizuri, maashallah," akasema. "Lakini pahali pamoja umekosea. Umesema simu iliwekwa sikio la kushoto. Upande huo anasimama ndama. Hawezi kusikiliza vizuri."

"Sikio si neno," mzee mmoja ambaye kila p kwake ni b akadakia kutoka nyuma. "Weka sbika! Tena mimi ya kwangu nabigia asubuhi. Jioni amechoka, hataki maneno."

"Kwetu Tarbaj ni lazima mchungaji apande kichuguu ndipo apate mtandao," akasema mwingine. "Na ngamia hawezi kupanda kichuguu."

Ikazuka vurugu. Kumbe nusu ya wanaume wa ukumbi ule walikuwa na ngamia wa kupigiwa! Mwalimu mmoja akauliza kama riwaya ile inafuata mkondo wa uhalisia, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjibu. Mwandishi aliandika sana kwenye jalada la kitabu chake mwenyewe.

Nilikuwa nimeanza kutulia pale mume wangu, ambaye bado alikuwa amesimama, alipoinua kidole.

"Lakini hilo la 'usiwajali hao wengine'," akasema polepole, "hayo ni maneno yangu."

Akatoa simu, akampigia binamu yake pale pale. "Wewe! Umeniuza kwa waandishi?" Tukasikia binamu akijitetea kwa makelele kutoka Ijara, akiapa wallahi hajui mwandishi yeyote.

Nikamvuta shati. "Baba watoto, keti."

"Siketi!"

"Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyemwambia Eeddo."

Akanitazama, akamtazama kijana, akanitazama tena. 

"Kwa hivyo mimi niko kwenye kitabu?"

"Uko."

"Ukurasa wa ngapi?"

Ndiyo hasira yote niliyoipata. Alimweleza kila mtu, hata aliyekuwa akigawa sambusa. Alinunua kitabu, akataka saini, tena iandikwe jina la ngamia badala ya lake. Na kwa kuwa binamu alikuwa bado kwenye laini, akamwambia amwekee ngamia simu sikioni, akaweka spika, akamkabidhi mwandishi simu. "Msalimie mwenyewe."

Eeddo akasafisha koo. "Asalaam aleikum, bibi mkubwa."

Kutoka Ijara ukaja mguno mrefu, mzito, wa kutoka tumboni. Ukumbi ulilipuka.

"Umesikia?" mume wangu akasema. "Amekukubali."

Siku chache baadaye binamu alikuja mjini. Mume wangu akiwa kazini, akaniomba nimwonyeshe yeye yuko wapi kwenye kitabu. Nikapekua sura nzima. Alikuwa ametajwa mara moja tu kama "mchungaji". Akakasirika kweli.

"Mimi ndiye nashika simu! Mkono unaniuma! Na siku ile ngamia walikuwa mbali malishoni, ule mguno ulikuwa wangu."

Nikaweka birika chini. "Na siku zile nyingine?"

Akamimina chai, akaipuliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mara nyingine anakuwepo," akasema.